Spika na Kuta za Sebule

Anayetaka kuboresha muziki wa nyumbani kwa kawaida huanzia dukani. Hutazama ukubwa wa maboksi, husoma idadi ya wati iliyobandikwa nyuma, husikiliza wimbo mmoja au miwili kwa sauti ya juu, kisha huondoka na spika zilizomtikisa kifua. Historia ya spika za nyumbani inaonyesha kwamba ameanzia mwisho. Kwa karibu miaka mia moja sasa, chombo hiki kimekuwa kikibadilishwa na chumba: upana wake, kuta zake, na nafasi ambayo wenye nyumba wako tayari kuliachia boksi la mbao. Naamini sebule imeiunda spika kuliko sikio lilivyoiunda, na kwamba anayechagua spika mpya bila kuitazama sebule yake anarudia kosa ambalo mafundi walishaligundua zamani.

Spika tunayoijua leo ilitoka Schenectady, jimbo la New York, kwenye maabara ya General Electric. Mwaka 1925 Chester Rice na Edward Kellogg walichapisha maelezo ya spika isiyo na pembe: koni ya karatasi yenye upana wa inchi 6, iliyogundishwa kwenye koili ndogo ndani ya uwanda wa sumaku. Umeme wa muziki ukipita kwenye koili, koni husukumwa mbele na nyuma. Kabla ya hapo redio nyingi zilisemea kupitia pembe kama ya gramafoni, kwa sauti nyembamba ya puani. Mwaka 1926 kazi yao iliingia sokoni chini ya kampuni ya RCA kwa jina la Radiola 104, ikiwa ndani ya kabati lake pamoja na amplifaya ya takriban wati 1. Koni hiyo ilikuja na tatizo lake. Inapoisukuma hewa ya mbele, inaivuta ya nyuma, na mawimbi ya pande hizo mbili yakikutana huuana. Kwa sauti za juu si neno, maana mawimbi yake ni mafupi. Kwa besi ni balaa: wimbi la hezi 40, karibu sawa na noti ya chini kabisa ya gitaa la besi, lina urefu wa zaidi ya mita 8. Ilibidi koni ifungwe kwenye ubao mpana au kabati kubwa, na kwa karibu miaka 30 aliyetaka besi ya kweli aliilipia kwa nafasi. Paul Klipsch wa Hope, Arkansas, aliyefungua kampuni yake mwaka 1946, aliamua kuzitumia kuta zenyewe. Klipschorn yake hukaa kwenye kona, na kuta mbili zinazokutana hapo zinaendeleza mdomo wa pembe iliyokunjwa ndani ya kabati. Ni werevu wa hali ya juu, na spika hiyo bado inatengenezwa. Ila asiye na kona tupu hana lake.

Suluhisho lililoenea lilitoka kwa mwalimu. Edgar Villchur alikuwa akifundisha New York University, na mwaka 1954 yeye na Henry Kloss, aliyekuwa mwanafunzi wake, walianzisha Acoustic Research mjini Cambridge, Massachusetts. Koni za wakati ule zilirudishwa mahali pake na kitambaa kigumu kilichozishikilia. Ugumu huo haukuwa sawa kila mahali. Koni ikienda mbali kitambaa kinakaza, na hapo ndipo besi inapochafuka. Villchur alikilegeza, akaifunga koni kwenye boksi dogo lisilopitisha hewa, akaiachia hewa iliyobanwa ndani kazi ya kuirudisha. Ziba tundu la pampu ya baiskeli kwa kidole, ubonyeze mpini, utaona hewa inavyousukuma mkono urudi: springi yenyewe ndiyo hiyo, na hukaza kwa ulaini ambao kitambaa hakiwezi. Uzuri wa wazo hili ni kwamba udogo wa boksi, uliokuwa kasoro tangu enzi za Rice na Kellogg, sasa ulihitajika ili mtambo ufanye kazi. AR-1 ilipoonyeshwa New York mwezi Oktoba 1954, boksi la kuwekwa kwenye rafu lilitoa besi iliyokuwa ikitarajiwa kutoka kwenye makabati makubwa mara kadhaa. AR-3, iliyofuata mwaka 1958, imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian.

Mtu anaweza kusema huo ni ushindi wa uhandisi, chumba kimeingiaje? Atazame tarehe. Santuri za sterio zilianza kuuzwa madukani mwaka 1958. Ghafla mahali palipokuwa na kabati moja palihitaji mawili, tena yawe mbali kidogo kati yao na yaelekee kiti kimoja. Wenye nyumba waliokuwa wamevumilia zimwi moja sebuleni hawakuwa tayari kuvumilia la pili. Kufikia katikati ya miaka ya 1960, Acoustic Research pekee ilikuwa imeshika karibu theluthi ya soko la spika za nyumbani Marekani, na sidhani kama masikio ya Wamarekani yalibadilika kwa muda mfupi hivyo. Wala udogo haukuja bure. Anton Hofmann, aliyeungana na Kloss kuanzisha kampuni ya KLH mwaka 1957, ndiye anayetajwa kwa kanuni ambayo mafundi wanaitii hadi leo: besi ya chini, boksi dogo, na sauti kubwa kwa umeme kidogo; chukua mawili, la tatu uliache. Spika ndogo za aina ya Villchur zilikula umeme mwingi, na amplifaya za transista za miaka ya 1960 ziliwaokoa wengi. Kwa hiyo kwenye karatasi ya maelezo, wati zinazotangazwa kwa herufi kubwa hazisemi mengi. Desibeli, yaani kipimo cha sauti ambayo spika hutoa kwa umeme uleule, zinasema zaidi: spika iliyo chini ya nyingine kwa desibeli 3 inadai umeme mara mbili ili isikike sawa nayo.

Pingamizi zito zaidi ni la ladha: kila mtu na sikio lake, basi aende dukani asikilize na kuchagua. Floyd Toole, aliyeanza kulichunguza jambo hili katika National Research Council ya Kanada, alitumia miaka mingi kuwaketisha watu nyuma ya pazia na kuwapigia spika tofauti bila wao kuziona. Ladha, akagundua, hazitofautiani kama tunavyodhani; wengi huangukia spika zilezile, zenye sauti iliyonyooka isiyopendelea noti fulani. Mwaka 1994 yeye na Sean Olive, wakiwa kampuni ya Harman, walitangaza matokeo ya jaribio la wasikilizaji 40. Spika zilezile zilipigwa gizani na waziwazi. Zilipoonekana, zile kubwa na za bei zilipanda alama, na mfumo mdogo wa bei nafuu ukashuka. Kilichonigusa zaidi ni jambo ambalo halitajwi sana: gizani, kuihamisha spika kutoka sehemu moja ya chumba hadi nyingine kulibadilisha alama waziwazi, lakini macho yalipofunguliwa, wasikilizaji walikuwa wagumu kuitambua tofauti hiyo. Jicho lilikuwa limeshamaliza kuamua. Na duka lenyewe ni chumba kingine kabisa, aghalabu kikubwa kuliko sebule.

Jinsi sebule inavyoingilia si siri. Chumba chenye urefu wa mita 4 huvuma karibu hezi 43, kwa sababu nusu ya wimbi hilo inaenea barabara ukuta hadi ukuta. Aliyeweka kiti katikati ya urefu huo haisikii vizuri noti hiyo. Aliyeegemea ukuta wa nyuma anaisikia kupita kiasi. Roy Allison, aliyewahi kuwa mhandisi wa Acoustic Research, alieleza mwaka 1974 jinsi kuta na sakafu zilizo jirani na boksi zinavyoongeza besi fulani na kumeza nyingine, na baadaye akaanzisha kampuni yake ya kutengeneza spika zilizobuniwa makusudi zikae ukutani. Nyumba zetu za matofali ya saruji na sakafu za vigae zina ukali zaidi hapa, maana kuta za mbao na jasi za Marekani hutikisika kidogo na kuinywa besi, lakini saruji huirudisha karibu yote. Siku hizi wauzaji husema kompyuta ndogo ndani ya amplifaya inarekebisha haya yote. Ukweli ni nusu. Noti inayovuma kupita kiasi inaweza kupunguzwa vizuri sana kwa njia hiyo. Mahali ambapo mawimbi yanauana hali ni nyingine: ukiongeza nguvu, wimbi linaloua nalo linaongezeka kwa kiasi kilekile, na amplifaya inapata joto bure. Hapo husogezwa kiti au boksi, hata kwa nusu mita tu, na ni vema kazi hiyo ifanywe na spika za zamani kabla mpya hazijalipiwa, kwa sababu shimo hilo la besi linatokana na vipimo vya chumba na halitaondoka na jina lililo kwenye boksi.