Mahandaki ya TAZARA na Safari ya Reli Kupanda Nyanda za Juu Kusini

Uwanda wa Ufipa, ulioko kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, haupitiwi na reli. Kaskazini mwa Sumbawanga, reli inaishia Mpanda. Kusini, inapatikana Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia. Mzigo unaosafirishwa kwa treni kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam hupita katika mahandaki yaliyochimbwa milimani takriban nusu karne iliyopita.

Mahandaki hayo ni sehemu ya Reli ya Tanzania na Zambia (TAZARA), maarufu kwa jina la Reli ya Uhuru. Mwaka 1965, walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru, hatua iliyoiweka Zambia katika hatari ya kukosa njia ya kusafirishia shaba yake. Septemba 1967, Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano ya ujenzi. Kazi ilizinduliwa Oktoba 1970, na reli hiyo yenye urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa rasmi Julai 1976.

Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa kati ya Mlimba na Makambako, ambako njia hupanda kutoka Bonde la Kilombero hadi nyanda za juu. Kwa kuwa treni haiwezi kupanda mwinuko mkali, wahandisi walilazimika kutoboa milima na kujenga madaraja juu ya mabonde. Miongoni mwa kazi hizo ni Handaki la Irangi Namba 3, lenye urefu wa takriban mita 800, na Daraja la Mto Mpanga, lenye nguzo za urefu wa mita 50 hivi.

Kazi hiyo iligharimu maisha ya watu. Wataalamu wa China zaidi ya 60 walifariki dunia, na wengi wao wamezikwa Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Watanzania na Wazambia pia walipoteza maisha.

TAZARA ni reli ya njia moja. Handaki moja likizibwa na maporomoko, safari za treni kati ya bandari na mpaka hukatika. Kwa sababu hiyo, ukarabati uliokubaliwa mwaka 2025 kati ya Serikali za Tanzania na Zambia na kampuni ya CCECC ya China unawahusu pia wakulima na wafanyabiashara wa Rukwa, wanaoifikia reli hiyo kupitia Tunduma.