Shomoro wa Tano

Zamani za Bwana wetu Yezu Kristu, katika masoko ya Palestina watu walitumia sarafu ndogo ya shaba, jina lake asarioni. Kwa hesabu ya Waroma, 16 zilifanya dinari moja, ndiyo mshahara wa kibarua kwa siku. Maskini alinunua nayo shomoro wa kula.

Tulinganishe Injili mbili. Kwa Mateo, shomoro wawili ni asarioni moja. Kwa Luka, watano ni asarioni mbili. Mbona si wanne? Wa tano ni matabishi: muuzaji alimwongezea mwenye kununua zaidi, kama wafanyavyo mama zetu sokoni.

Basi, ndugu katekista, ukifundisha maneno hayo, kumbuka soko lile. Shomoro wa tano hakuwa na bei yoyote. Hata yeye Mungu hamsahau.