Alama za kipaumbele: Rangi nyekundu peke yake haitoshi

KATIKA ofisi nyingi za mijini, orodha ya kazi iliyokuwa ikiandikwa daftarini au ubaoni imehamia kwenye kompyuta na simu ya mkononi. Programu ya kupangia kazi huorodhesha majukumu ya kila mtumishi, na pembeni ya kila jukumu huwekwa alama ya kuonyesha lipi litangulie.

Alama hiyo ni ndogo, lakini ikisomwa vibaya, ombi la mteja husahaulika au hitilafu ya mtambo huachwa mpaka kesho yake. Kwa sababu hiyo, mbunifu wa programu hutakiwa kuitengeneza ieleweke kwa kutupiwa jicho tu, bila mtumiaji kufundishwa.

Rangi na umbo

Rangi huvuta jicho haraka, na nyekundu imezoeleka kuwa ishara ya hatari. Hata hivyo, si watu wote wanaoiona sawasawa. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini, takriban mwanamume mmoja kati ya 12 na mwanamke mmoja kati ya 200 wana kasoro ya kutofautisha rangi, hususan nyekundu na kijani.

Taa za barabarani zina ufumbuzi wa tatizo hilo. Katika taa zilizosimama wima, nyekundu hukaa juu na kijani chini, hivyo dereva asiyetofautisha rangi hizo huongozwa na mahali taa inapowaka.

Vivyo hivyo, alama ya kipaumbele inapaswa kuwa na kitu cha ziada: mshale wa kupanda au kushuka, alama ya mshangao, au neno lenyewe, kwa mfano "Haraka". Miongozo ya W3C, taasisi ya kimataifa ya viwango vya mtandao, imesisitiza tangu mwaka 1999 kuwa rangi isiwe njia pekee ya kutoa taarifa. Aidha, alama ya njano juu ya kioo cheupe haionekani vizuri hata kwa mwenye macho mazima.

Namba huchanganya

Bugzilla, programu ya kufuatilia hitilafu iliyoanzia katika kampuni ya Netscape mwaka 1998, ilianza na ngazi P1 hadi P5, na P1 ikiwa ndiyo ya juu. Mgeni anaweza kukosea, kwani darasani mwanafunzi wa 1 ndiye bora, ilhali kwenye mtihani mwenye alama 1 ndiye aliyeshindwa.

Programu hiyo ina funzo jingine: hutenganisha ukubwa wa hitilafu na kipaumbele chake. Jina la kampuni likikosewa herufi moja kwenye ukurasa wa mbele, kosa ni dogo, lakini lazima lirekebishwe leo.

Ngazi ziwe chache

Todoist, programu inayotumiwa na watu wengi, ina ngazi nne tu: bendera nyekundu, ya chungwa, ya buluu, na ya nne isiyo na rangi. Kazi mpya huanzia ngazi hiyo ya mwisho, hivyo mtumiaji hupaza sauti pale tu anapokusudia. Kazi zote zikiwa nyekundu, nyekundu hupoteza maana.

Alama iwe ahadi

Mfano bora hautoki ofisini bali hospitalini. Mfumo wa kupanga wagonjwa wa dharura uliobuniwa Afrika Kusini kuanzia mwaka 2004 umeifungamanisha kila rangi na muda. Mgonjwa wa nyekundu huhudumiwa papo hapo, wa chungwa ndani ya dakika 10, wa njano ndani ya saa moja, na wa kijani ndani ya saa nne.

Muuguzi haulizwi "muhimu" maana yake nini; rangi imekwishamwambia la kufanya. Programu nyingi za ofisini hukosa jambo hilo: huandika "Juu" bila kusema ni leo au wiki hii, na kila mtumishi hutafsiri apendavyo.

Jaribio rahisi la alama yoyote ni kuichapisha orodha kwa rangi nyeusi na nyeupe, kisha kumpa mtu asiyeijua programu hiyo na kumwuliza aanze na kazi ipi. Akisita, kasoro iko kwenye alama wala si kwake.