Mzani wa Kwatzi Uliodhaniwa Utazimika Majini

Mwaka 2025 ulitimiza miaka 40 tangu Keiji Kanazawa na Joseph Gordon, watafiti wa IBM mjini San Jose, Marekani, wachapishe mlinganyo mfupi kuhusu mzani wa kwatzi, ambao wanaochunguza uchovyaji wa metali (kupaka metali kwa umeme) wangali wanautegemea, hata kama wengine huusahau.

Chimbuko la mzani huo ni mwaka 1880, ndugu Jacques na Pierre Curie walipobaini kwamba fuwele ya kwatzi ikibanwa hutoa umeme. Ikipewa umeme, nayo hutetema. Mwaka 1959 Günter Sauerbrey, Mjerumani wa Berlin, akaigeuza mzani: utando wa metali ukiikalia, mitetemo hupungua. Kwa fuwele inayotetema mara milioni 5 kwa sekunde, kila mtetemo mmoja unaopungua ni nanogramu 17.7 kwa sentimita ya mraba.

Mzani huo ulifanya kazi ombweni na hewani. Kuutia majini kulionekana ni kuuzima. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 fuwele ilikuwa imeshatetema ndani ya kimiminika, ila likazuka swali gumu zaidi: mitetemo inapopungua, kilichoongezeka ni metali au ni maji tu? Kanazawa na Gordon walijibu kwamba uso wa fuwele, ukienda kushoto na kulia, huburuta tabaka jembamba la kimiminika. Upungufu hufuata kipeuo cha pili cha zao la mnato na densiti ya kimiminika. Mnato ukiongezeka mara nne, upungufu huwa maradufu, na hakuna hata chembe ya metali iliyoganda.

Jibu hilo lilipata uzito mpya mwaka 2003, kundi la Andrew Abbott la Leicester, Uingereza, lilipochanganya kolini kloridi, inayotiwa kwenye chakula cha kuku, na urea ileile ya mbolea. Yabisi hizo mbili zikawa kimiminika kinachoganda kwenye nyuzi 12 tu za Selsiasi. Baadaye michanganyiko ya aina hiyo ilichovya zinki, shaba na fedha, ikatoa tumaini la kuepuka sianidi, sumu inayotumika katika uchovyaji. Tatizo ni mnato wake: ule wa mchanganyiko wa urea huzidi wa maji mara mamia.

Humo, joto likipanda kidogo kimiminika hulegea na mitetemo huongezeka, kana kwamba metali inayeyuka. Uso wenye mikwaruzo nao hunasa kimiminika kikahesabiwa kuwa metali. Kwa hiyo anayetumia hesabu ya Sauerbrey peke yake, bila kupima pia jinsi mtetemo unavyofifia, hajapima metali. Onyo lipo tangu 1985. Kulipuuza leo ni uzembe.