Ubao wa Chuoni na Karatasi ya Mackay

Mwaka mmoja nilikabidhiwa darasa la nne katika shule ambayo haina haja ya kutajwa. Watoto walikuwa wengi, na vitabu vya Kiswahili vilikuwa vichache hata kitabu kimoja kikatumiwa na watoto saba au wanane. Siku moja nilimwita mvulana mmoja asome mbele ya wenzake. Akasoma ukurasa mzima pasipo kosa, kwa sauti nzuri, nami nikaanza kujisifu kimoyomoyo. Kisha nikatazama jinsi alivyokishika kitabu. Alikuwa amekipindua, kichwa chini, wala jambo hilo halikumsumbua hata kidogo. Nilipomfungulia ukurasa mwingine akanyamaza kimya. Alikuwa akisoma kwa ghibu. Maneno aliyapata kwa wenzake, akayahifadhi, na herufi zilikuwa kwake kama mapambo ya ukurasa.

Tukio lile lilinirudisha kwenye habari za wasomaji wa kwanza wa Buganda. Inasimuliwa kwamba katika siku zile watu wengi waliketi duara kuizunguka karatasi moja au kitabu kimoja, kila mtu akisoma kutoka upande wake. Baadhi yao walizoea kuziona herufi zikiwa zimepinduka, na walipopewa kitabu chao wenyewe walikigeuza kichwa chini ndipo wakaweza kusoma. Lakini hao walisoma kweli. Mwanafunzi wangu hakusoma. Nikajiuliza: nini kiliwapa wale jicho la kuitambua herufi hata ikiwa imelala, nami nimeshindwa kumpa mtoto huyu huku herufi imesimama wima?

Kusoma kuliingia Buganda kupitia milango miwili, na katika milango yote miwili Kiswahili kilikuwapo. Wa kwanza ulifunguliwa na wafanyabiashara wa Kiislamu kutoka pwani, waliofika ikulu ya Kabaka Suna wa Pili katika miaka ya 1840. Mwanawe, Mutesa wa Kwanza, aliyetawala tangu 1856 hadi 1884, alijifunza hati ya Kiarabu na kukisema Kiswahili. Stanley alipomtembelea mwaka 1875, alimkuta ana vibao vyembamba vya mti vilivyolainishwa, ambavyo juu yake aliandika mambo aliyotaka kuyakumbuka.

Hebu tukitazame kibao hicho, maana asili yake ni chuo cha pwani. Mtoto wa chuoni alikuwa na ubao wake, kalamu ya tete na wino uliotengenezwa kwa masizi. Mwalimu alimwandikia herufi, naye mtoto akazifuatisha, akazitamka, akazihifadhi. Kisha ubao ukaoshwa, kazi ikaanza upya. Sisemi kwamba chuo hicho hakikuwa na kasoro. Watoto wengi walihitimu pasipo kuelewa maana ya walichokisoma, na fimbo haikuwa mbali. Tena hati yenyewe ilikuwa na taabu kwa lugha yetu. Kiarabu kina alama tatu tu za irabu fupi, na Kiswahili kina irabu tano, kwa hiyo msomaji alilazimika kukisia kama ni *e* au *i*, kama ni *o* au *u*. Na sauti kama *p*, *ch* na *ng'* hazikuwa na herufi zake. Hata hivyo, kwa hati hiyo hiyo Waswahili walitunga na kunakili tenzi zao, na nakala ya Utenzi wa Tambuka ya mwaka 1728 ingalipo hadi leo. Jambo ninalotaka kulishika hapa ni hili moja: ubao ulikuwa wa mtoto mwenyewe, na mkono wake ulifanya kazi pamoja na jicho na ulimi.

Mlango wa pili ulifunguliwa na wamisionari. Alexander Mackay, mhandisi wa Kiskoti aliyetumwa na chama cha CMS, alifika Buganda mwezi Novemba 1878. Alikuwa amejifunza Kiswahili pwani, na vitabu vya kwanza alivyofundishia vilikuwa sehemu za Injili alizozifasiri kwa Kiswahili Edward Steere, askofu wa Unguja. Hivyo baadhi ya watu wa Buganda walisoma kitabu cha Kiswahili kabla hakijapatikana hata kimoja cha Kiganda. Maneno yenyewe yanashuhudia: Muganda wa leo husema *ekitabo*, *ekkalaamu* na *ebbaluwa*, na *okusoma* kwake ni kusoma na pia ni kwenda kusali.

Watu waliotaka kusoma walipozidi vitabu, Mackay alichonga herufi za mbao kwa mkono wake, akapiga chapa karatasi za kusomea kwa mtambo wake mdogo. Karatasi hizo zilianza na herufi, kisha silabi. Hapo hati ya Kirumi ilifaa sana, kwa sababu irabu tano zina herufi tano, na mtu akishika *ba be bi bo bu* amekwisha kupata ufunguo wa maelfu ya maneno, katika Kiganda na katika Kiswahili vilevile. Nadhani hili ndilo jibu la swali langu kuhusu wale wa duara. Walipewa silabi kwanza, wakazitambua moja moja. Mwanafunzi wangu alipewa habari nzima aiimbe.

Wala kusoma hakukuwa mchezo. Wafuasi wa dini mpya waliitwa *abasomi*, yaani wasomaji, na chini ya Kabaka Mwanga jina hilo liliweza kumtia mtu mautini. Tarehe 3 Juni 1886 vijana kadhaa walichomwa moto Namugongo.

Lakini karatasi ya Mackay ilikuwa na upungufu wake, nao ndio tuliourithi. Ilikuwa ya kutazamwa. Aliyetaka kubatizwa alitakiwa ajue kusoma. Kuandika hakukuwa sharti. Kalamu na karatasi zilikuwa adimu, kwa hiyo jicho likatangulia na mkono ukaachwa nyuma. Waliopata vyote viwili walifika mbali: Apolo Kagwa, aliyekuwa mmoja wa wasomaji hao, akawa Katikiro, na mwaka 1901 akatoa kitabu cha historia ya wafalme wa Buganda. Wengi wa wenzake waliishia kusoma tu.

Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipendekeza somo la Kiswahili liwe la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Nilifurahi, na papo hapo nikahesabu vitabu kabatini. Iwapo vitabu havitoshi, tutarudia yale ya duara, tena pasipo silabi zake.

Kwa hiyo nilikwenda kwa fundi seremala mmoja jirani, nikamwomba vipande vya mbao alivyokuwa akivitupa. Nikavipaka rangi nyeusi, nikampa kila mtoto kimoja na kipande cha chaki. Nilianza na mistari, mizunguko na vitanzi, kisha silabi. Kila silabi wanaitamka huku wanaiandika, wanaifuta, wanaiandika tena. Wazazi wawili walikuja kulalamika kwamba nimewarudisha watoto wao darasa la kwanza. Hawakukosea sana.

Vibao vile vilinionyesha pia makosa ambayo masikio yangu hayakuyasikia. Katika Kiganda herufi *r* huandikwa baada ya *e* na *i*, na kwingineko huandikwa *l*. Mtoto aliyezoea kanuni hiyo huandika *habali* na *lafiki*, naye ana hoja, kwa kuwa anaifuata sheria aliyofundishwa. Kwa ulimi peke yake nisingalijua kama amekosea kutamka au hajui tahajia. Kwenye kibao, niliona.

Yule mvulana alichukua muhula mzima. Mwanzoni herufi zake *b* na *d* zilibadilishana mahali kila siku, nami nikamwekea mkono wangu juu ya wake, kama walivyofanya walimu wa kale. Juma la mwisho aliniletea kibao chake bila kuitwa. Alikuwa ameandika *balua*, akaitazama, akaifuta ile *l* kwa kidole, akaweka *r*. Alama ya kidole ilikuwa bado inaonekana.