Jongo la goti litokanalo na dawa

Jongo la goti litokanalo na dawa (pia *gauti*) ni ugonjwa wa viungo unaotokea pale dawa inapopandisha asidi ya yuriki katika damu hadi ikaganda na kuwa fuwele ndani ya goti. Fuwele huanza kujengeka kiwango kikipita takriban miligramu 6.8 kwa desilita.

Dawa nyingi zinazohusika huzuia figo kutoa asidi hiyo kwenye mkojo: haidroklorothiazaidi na furosemaidi, aspirini ya dozi ndogo, siklosporini, na pirazinamaidi, inayotumika katika miezi 2 ya mwanzo ya tiba ya kifua kikuu.

Shambulio huja ghafla, mara nyingi usiku. Goti huvimba, huwa la moto na halivumilii hata kuguswa na shuka. Usaha kwenye kiungo huleta dalili zilezile na huweza kuliharibu goti kwa siku chache. Kwa hiyo daktari huvuta maji ya goti kwa sindano, yakapimwa bakteria na, kwa hadubini, fuwele zenye umbo la sindano.

Maumivu hutulizwa kwa kolkisini, ibuprofeni au steroidi. Ibuprofeni haimfai mwenye figo dhaifu. Mgonjwa asiache kwa uamuzi wake mwenyewe dawa iliyoleta jongo, hasa ya kifua kikuu. Kwa shinikizo la damu, daktari anaweza kubadilisha dawa na kumpa losatani, ambayo hupunguza asidi ya yuriki. Mashambulio yakijirudia hutolewa alopurinoli, kwa lengo la kushusha asidi hiyo chini ya miligramu 6 kwa desilita.