Akple na Mchuzi wa Mlenda katika Pwani ya Ghana

Mahindi, ambayo leo ndiyo tegemeo la Waewe wakaao pande za mto Volta na katika nchi jirani ya Togo, asili yake si Afrika bali ni Amerika, nayo yalivushwa bahari katika marikebu za Wareno, ambao tangu mwaka 1482 walikuwa wamejijengea ngome pale Elmina. Na Mholanzi Pieter de Marees alipochapisha kitabu chake juu ya pwani ile, mwaka 1602, tayari wanawake walikuwa wakiyasaga juu ya mawe, wakiyachanganya na nafaka walizorithi kwa wazee wao.

Waandishi wengi wa tarikhi huishia hapo, wakawapa mabaharia sifa zote, na mimi naona hiyo si insafu. Mabaharia walileta punje. Kuigeuza punje ile ngumu kuwa akple, ugali laini na wenye uchachu wa kupendeza, ni maarifa ya wanawake. Mahindi hurowekwa siku moja au mbili hata yakalainika, husagwa yangali na unyevu, hukandwa kwa maji, kisha kinyunga hufunikwa na kuachwa siku mbili tatu kichachuke chenyewe pasipo kutiwa hamira. Na uchachu huo, mbali na ladha, hukihifadhi kisioze upesi katika nchi ya joto kama ile. Ndipo huzimuliwa kwa maji, mara nyingi pamoja na kinyunga cha muhogo, ambao nao ulitoka Amerika, kikabandikwa motoni na kusongwa kwa mwiko, kikigandamizwa ubavuni mwa chungu mpaka mabonge yote yaishe. Ni kazi ya mkono wenye nguvu na subira.

Mchuzi wake, kinyume cha mahindi, kwa sehemu kubwa ni wa Afrika tangu zama za kale. Majani ya ademe, ambayo ni mlenda tuujuao sisi, hukatwakatwa na kutiwa magadi kidogo ili yaive upesi na kuteleza, kama wafanyavyo wapishi wengi wa Tanzania Bara; hufuata mawese, samaki waliokaushwa kwa moshi, kaa, kamba na pilipili. Tonge hutwaliwa kwa mkono wa kulia, likachovywa na kumezwa.

Wala haifai kuficha ya kuhuzunisha: mahindi hayo hayo yalinunuliwa kwa wingi na manahodha wa marikebu za watumwa, wawalishe mateka katika safari ambayo walio wengi hawakurudi tena. Neema ya nyumba ilifanywa akiba ya dhuluma, na kila asimuliaye habari za chakula hiki ana wajibu wa kuitaja.

Siku hizi vinu vya mashine vimeshika kazi ya mawe, na sokoni Accra kinyunga kilichokwisha kuchachuka huuzwa tayari. Lakini kusonga kungali kwa mwiko, na katika nyumba nyingi kungali mikononi mwa wanawake.